Fungu la Shilingi 20

Uchumi niliusoma jioni, maana mchana nilikuwa wa mwajiri. Nilikuwa karani wa hesabu katika ghala moja la vitunguu na viazi karibu na soko la Muthurwa. Tulipatana na mzee mwenye ghala kwamba nifike alfajiri, malori ya vitunguu vya Tanzania yaliyopitia Namanga yakishusha mali, ili kufikia saa kumi na moja jioni niwe nimefunga vitabu. Hapo nilishika barabara ya Haile Selassie kwa miguu, nikapanda Moi Avenue mpaka Chuo Kikuu cha Nairobi. Mpango wa masomo ya kujilipia karo, ulioanza chuoni humo mwaka 1998, ndio ulionifungulia mlango wa uzamili. Sikuwa na namna ya kuacha mshahara huku wadogo zangu wakiwa shuleni. Mwisho wa mwezi uliniumiza zaidi, kwa sababu kuhesabu mali na mitihani vilikuwa na tabia ya kugongana. Ekonometria niliisoma juu ya magunia, saa ya chakula cha mchana.

Jioni moja mhadhiri alitupitisha katika makala ya Harris na Todaro ya mwaka 1970. Wachumi hao waliwahi kufanya utafiti Nairobi, katika taasisi ya masomo ya maendeleo ya chuo chetu hicho hicho. Walijiuliza kwa nini watu huzidi kuhama mashambani ilhali kazi mjini ni haba, wakaona kwamba mhamaji hatazami mshahara wa mjini peke yake, bali huuzidisha na uwezekano wa kuupata. Nilimwona baba. Alitoka Maragoli bila ahadi ya kazi, akakaa kwa ndugu Kaloleni mpaka reli ikamwandika na kumpa chumba katika landi za Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wake, ambako nilizaliwa. Hesabu hiyo aliipiga bila kalamu, na akafaulu. Wengi waliokuja naye hawakufaulu.

Kwa hiyo tasnifu sikuitafuta mbali. Nilitaka kujua bei ya nyanya ya jumla ikipanda katika soko la Marikiti, mnunuzi wa rejareja wa Muthurwa huisikia lini. Tatizo ni kwamba Muthurwa nyanya haziuzwi kwa kilo. Huuzwa kwa fungu: nne chini, moja juu, wakati huo kwa shilingi 20. Kreti ikipanda bei, mama mboga haigusi bei. Huondoa nyanya moja, au huchagua ndogo na kuzipanga upande mwekundu ukimtazama mteja. Anayeandika "fungu, 20" wiki baada ya wiki ataapa kwamba bei haijasogea, na huku sufuria nyumbani inazidi kuwa nyepesi.

Nikaazima mizani ndogo ya ghalani, nikawa napima mafungu kabla ya kazi. Siku za kwanza wauzaji walinikimbia, wakidhani nimetumwa na askari wa jiji.

"Karani, hiyo mizani ni ya kanjo?" aliuliza mmoja, akivuta gunia kufunika mali yake.

Mama mmoja aliyemjua marehemu baba ndiye aliyeniokoa. "Mwacheni apime. Huyu ni mtoto wa reli." Kisha akanieleza kwa nini hapandishi bei. "Mteja wangu ana ishirini mkononi. Nikimwambia ishirini na tano, ataenda kwa jirani. Nyanya nitapunguza, mteja sitaki apungue."

Sijasoma kitabu kilicholisema jambo hilo kwa ufupi kuliko yeye. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972, iliyoandikwa kuhusu Kenya, ndiyo iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi, na bado kuna wanaodhani watu wa sekta hiyo hubahatisha tu. Watu hawa hupanga bei kila alfajiri, kwa macho na vidole, na mali yao ikilala siku mbili inaoza.

Vipimo vilionyesha kwamba Marikiti ikipanda, fungu hupungua siku hiyo hiyo; ikishuka, fungu hukawia kurudi. Siku ya kuitetea tasnifu, mmoja wa watahini aliuliza kama huo si unyonyaji. Nikafungua daftari la yule mama, alilonipa ruhusa kulinakili: kreti, mkokoteni, ushuru wa soko, nyanya zilizooza, marejesho ya mkopo wa chama cha akina mama wa sokoni. Katika siku za bei kushuka ndipo alipofidia hasara ya wiki iliyotangulia, na kilichobaki hakikutosha kuitwa faida nono. Watahini waliniagiza niliingize daftari hilo kama jedwali katika sura ya nne, nami nikaliingiza siku iliyofuata.

Baada ya kuhitimu nilibaki ghalani kwa muda. Karo ya mwaka wa pili nilikuwa nimeikopa kwa chama hicho cha akina mama, na zamu ya kurejesha ilikuwa imefika.