Jiko Linalochagua Sufuria

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Siku hizi hapa Mwanza maneno ya nishati safi ya kupikia yamekuwa mengi. Twayasikia redioni, twayaona katika mabango, na hata katika mkutano wa wazazi hapa shuleni yamekwisha kutajwa. Mwezi wa Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, nao wataka ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati hiyo. Jambo hilo ni jema, wala sina nia ya kulipinga. Lakini wengi wanaotushauri huanza na jiko na kuishia kwenye jiko; sufuria hawaitaji. Nami nimeona kwa macho yangu kwamba kwa jiko moja miongoni mwa hayo, yaani jiko la indaksheni, sufuria ni nusu ya jiko lenyewe, tena pengine ndiyo nusu iliyo ghali.

Jiko hilo liliingia nyumbani kwetu Kirumba mwaka jana. Mjomba alilileta kutoka Dar es Salaam kuwa zawadi kwa Bibi, kwa sababu moshi umemsumbua kifua na macho kwa miaka mingi. Ni jiko la kupendeza kulitazama: bamba la kioo cheusi, halina tundu, halina waya mwekundu, wala hapana mahali pa kutia moto. Mama alitia maji katika sufuria, akaiweka juu ya kioo, akabonyeza. Jiko likalia pi, pi, pi, kisha likazima. Akaleta sufuria ya pili, likalia vile vile. Basi akazileta zote saba, kubwa kwa ndogo, na zote saba zikakataliwa.

Bibi alicheka sana, akasema, "Jiko hili lina maringo kama bwana arusi mchaguzi." Mama hakucheka.

Yafaa nieleze kwa nini hakucheka. Sufuria zile ni za alumini, kama zilivyo sufuria za nyumba nyingi katika nchi yetu, nazo huingiana moja ndani ya nyingine mpaka zote zikawa kama moja. Mama alizipata kwa fedha za upatu, moja baada ya nyingine, kwa muda wa miaka tisa. Huzihesabu kuwa mali yake mwenyewe, kama mzee wa Kisukuma anavyohesabu ng'ombe zake. Kila Jumamosi mimi na dada yangu huzisugua kwa mchanga na majivu mpaka mtu aweza kujitazama uso. Jirani mwenye shughuli huja kwetu kuziazima, na heshima hiyo ni ya Mama. Sasa limekuja jiko likasema kwamba mali yote hiyo si kitu.

Nilikwenda kwa Mwalimu wetu wa Fizikia kumwuliza sababu, naye alinieleza vizuri. Chini ya kioo mna waya wa shaba uliozungushwa kama nyoka aliyejikunja. Umeme upitao katika waya huo hugeuka huku na huku zaidi ya mara 20,000 katika sekunde moja, na nguvu ya sumaku inayotoka hapo hugeuka pamoja nao. Sumaku inayobadilika hivyo ikikutana na kitako cha sufuria ya madini, umeme mwingine huzaliwa ndani ya kitako chenyewe. Jambo hilo la sumaku kuzaa umeme aliligundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Ikiwa kitako ni cha chuma, umeme ule hubanwa katika ngozi nyembamba ya chuma, hupita kwa shida, na shida ile ndiyo joto. Ikiwa ni alumini, umeme hupita kwa urahisi mno na joto linalotoka ni dogo. Jiko huhisi kwamba hapana sufuria ya kufaa, likajizima. Kwa hiyo kioo hakina moto wake. Kama ni cha moto baada ya kupika, kimeupata kutoka kwa sufuria.

Chungu cha udongo hakifai kabisa, kwa kuwa si madini. Karai nalo halifai, hata likiwa la chuma, kwa sababu tumbo lake la mviringo hugusa kioo mahali padogo tu.

Niliporudi nyumbani nilikuwa na kipande cha sumaku mkononi. Nilikipata kwa fundi redio, amekitoa katika spika iliyokufa, akanipa bure. Tukapima kila chombo kilichokuwamo jikoni. Sufuria saba: hakuna. Sinia: hakuna. Kikaango chepesi: hakuna. Mwisho Bibi akatoa chini ya kitanda chake birika la enameli, la rangi ya samawati, ambalo alikuwa nalo tangu alipoolewa Ukerewe, na sumaku ikalishika kwa nguvu hata ikalia ta! Enameli ni kama kioo kilichopakwa juu ya chuma, na ndani yake chuma kingalipo. Tulitia maji, tukaliweka, na jiko likakubali bila kulia. Basi chombo cha kwanza kuchemsha maji juu ya jiko jipya kilikuwa chombo kizee kuliko vyote nyumbani. Bibi alitutembeza birika lile kwa majirani kama kombe la mpira.

Lakini birika halipiki ugali. Ilibidi Mama anunue. Tulikubaliana kununua sufuria mbili tu, moja ya ugali na wali, moja ya mboga na samaki, maana bei ya moja ilikuwa zaidi ya mara tatu ya bei ya sufuria ya alumini ya ukubwa huo. Nawashauri wazazi wasikubali kuuziwa seti nzima kwa mara moja. Jiko lenye duara moja haliwezi kupika sufuria sita.

Tulianzia Makoroboi, tukaendelea katika maduka ya katikati ya mji, Mama ameshika mkoba na mimi nimeshika sumaku. Muuzaji mmoja alinitazama nikiinamisha sufuria zake na kuzigusa vitako, akasema, "Binti, wapima sufuria au watafuta dhahabu ya Geita?" Watu wakacheka. (Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini pale hapakuwa mahali pa kufundisha.) Katika duka jingine, ambalo sitalitaja, tulionyeshwa sufuria inayong'aa sana, na boksi lake limeandikwa kwamba inafaa kwa majiko yote. Sumaku ilianguka kutoka katika kitako chake kama jiwe. Muuzaji alisema sumaku yangu ni mbovu. Mama alimwambia kwa upole, "Mwanangu, iguse kwenye mlango wako," nami nikaigusa kwenye mlango wa chuma, ikanata. Tukaaga tukaondoka.

Jambo hili huwachanganya watu wengi, kwa hiyo nitalieleza. Chuma cha pua, ambacho madukani huitwa stenlesi, si cha namna moja. Humo mna chuma na kromiamu, na pengine nikeli. Ukiona imeandikwa 18/8 au 18/10, maana yake katika kila sehemu 100 kromiamu ni 18 na nikeli ni 8 au 10. Chuma hicho ni kizuri na hakishiki kutu upesi, lakini nikeli ile huifanya sumaku isikipende. Sufuria nyingi nzuri hutengenezwa kwa chuma hicho, kisha kitako hutiwa bamba jingine la chuma kinachoshikwa na sumaku, na kati yake huwekwa alumini ili joto litawanyike. Hivyo usipime ubavuni, pima kitakoni. Tena sumaku inate barabara, isiwe ya kuning'inia. Ukikuta chini yake alama ya waya uliozungushwa, ni dalili njema, lakini kwa maoni yangu sumaku yashinda alama.

Baada ya sumaku, tazama mambo mengine mawili. Weka rula au ukingo wa kitabu kigumu juu ya kitako. Ukiona mwanga mwingi kati yake, kitako kimepinda. Kisha ipime uzito. Sufuria ya stenlesi nyepesi kama bati huchemka upesi, lakini wali huungua kwa duara, mahali pale pale waya ulipo chini, na kandokando mchele ungali mbichi. Upana nao ulingane na duara lililochorwa juu ya kioo. Kijisufuria cha upana wa sentimita 10 jiko laweza kukikataa hata kama ni cha chuma.

Wako wanaouza bamba la chuma la kuweka kati ya jiko na sufuria ya alumini. Tuliliona, tukaliacha. Joto huzaliwa katika bamba, kioo huchemka chini yake, umeme hupotea, na faida yote ya jiko huisha. Kwa mtu ambaye hawezi kuziacha sufuria zake ni heri kununua jiko la infraredi, ambalo kwa sura ni ndugu wa hili, lakini lenyewe huwaka wekundu chini ya kioo na kupokea chombo chochote chenye kitako bapa. Madukani huwekwa pamoja, basi mnunuzi aulize vizuri kabla ya kulipa.

Faida tumeiona. Darasani tulipiga hesabu. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Lita mbili za maji zenye nyuzi 24, katika sufuria inayofaa, hutaka kiasi cha uniti 0.2 ya umeme, na jiko la wati 2,000 huzichemsha kwa muda wa dakika sita. Nilipima nyumbani kwa saa ya ukutani, ikawa dakika saba.

Shida iliyotusumbua zaidi ilikuwa ugali. Jiko la mkaa au mafiga hushika sufuria, na msongaji hujiegemeza kwa nguvu zake zote. Juu ya kioo sufuria huteleza kama mtumbwi uliokatika kamba. Ndiyo maana tulichagua sufuria yenye masikio mawili, yaliyopigwa ribiti na si kugundishwa tu, ili mtu aweze kuishika kwa mkono mmoja kwa kitambaa na kusonga kwa mkono wa pili. Bibi hapendi kupika amesimama, naye alitengenezewa kibao imara cha kimo cha kigoda, jiko likawekwa hapo. Anaposonga ugali wa muhogo, ambao ni mgumu kuliko wa mahindi, huishusha sufuria chini juu ya kata na kumalizia hapo. Mwiko ni wa mti, na haugongwi ukingoni sufuria ikiwa juu ya kioo.

Sasa nije kwenye utunzaji, ambao ni kazi yangu na dada yangu. Kwanza, mchanga umepigwa marufuku. Kwa sufuria za alumini ulikuwa sifa. Kwa hizi punje moja iliyobaki chini ya kitako huchora kioo. Stilwaya nayo huacha mikwaruzo. Ukoko wa ugali twauloweka kwa maji ya vuguvugu tangu usiku, na asubuhi hutoka wenyewe kwa kitambaa na sabuni. Madoa yenye rangi za upinde wa mvua, ambayo hutokea chuma kikipata joto kali, huondoka kwa ndimu. Chumvi hutiwa maji yakishachemka, wala mchuzi wa dagaa wenye chumvi haulazwi ndani, kwani chumvi iliyotulia hula chuma na kuacha vitundu vidogo kama vya sindano. Kabla ya kuweka sufuria jikoni, kitako hufutwa kikauke.

La hatari kuliko yote ni kuwasha jiko kwa nguvu zote sufuria ikiwa tupu. Joto la indaksheni huja kwa ghafula, na kitako hufura kabla mtu hajageuka kuchukua mafuta. Jirani yetu mmoja sufuria yake ilifanya hivyo, kisha akaitia maji baridi papo hapo, na tangu siku hiyo huzunguka juu ya kioo kama pia ya watoto. Mama huanza na namba ndogo, hutia mafuta, ndipo hupandisha. Samaki naye hashiki chini kama chuma kimepata joto la wastani kwanza. Sato wetu sasa hugeuka mzima.

Sufuria saba hazikuuzwa. Alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu akazipima kwa kilo, na Mama akamwambia apime mkokoteni wake mwenyewe. Umeme ukikatika hurudi kwenye mkaa, na harusi za mtaa zingali zikipikiwa humo. Birika la Bibi limebanduka enameli ndani karibu na mdomo na kutu imeanza kuonekana, kwa hiyo si la chai tena, ni la maji ya kuoga. Kinachokosekana ni chuma cha chapati. Zamu ya Mama katika upatu ni mwezi wa Agosti, naye amekwisha kuniagiza nisiipoteze sumaku.