Kuvusha Rekodi Laki Mbili

Nimezaliwa Kigamboni, nikakulia kwenye foleni ya pantoni. Nilipokabidhiwa kazi ya kubadilisha rekodi laki mbili za wanachama wa chama cha akiba na mikopo, niliamini kuvusha wengi kwa pamoja ni jambo nilijualo tangu utotoni.

Kazi ilihusu namba za simu. Kuna walioanza na sifuri, kuna walioandika 255 bila alama ya kujumlisha, na kuna waliobananisha namba mbili kwenye kisanduku kimoja. Zote zilitakiwa zianze na +255. Kazi ya kuzisafisha ilifanywa na programu yangu ya Python, kwa hiyo kila rekodi ilikuwa na thamani yake mpya ya kupelekwa.

Siku ya kwanza niliandika kama nilivyofikiri: chukua rekodi, isafishe, ihifadhi, nenda kwenye inayofuata. Databesi yetu ya PostgreSQL iko kwenye seva Frankfurt, nami niko Dar es Salaam. Nikatazama hesabu ikipanda kila sekunde: sita, kumi na tatu, ishirini. Mbona hivi? Nilipopima, kwenda na kurudi kulichukua milisekunde 150. Mara 200,000, ni sekunde 30,000: saa nane na dakika ishirini! Databesi haikuwa imechoka hata kidogo. Muda wote uliliwa na njia. Pantoni ilikuwa ikimvusha abiria mmoja hadi ng'ambo, Magogoni, kisha inarudi tupu kumfuata wa pili.

Siku ya pili nikataka kuwapakia wote. Nilipojaribu rekodi 50,000 kwa amri moja, ilikataliwa papo hapo. Kumbe amri moja ya PostgreSQL hupokea vigezo visivyozidi 65,535, na kila rekodi yangu ilibeba viwili, kitambulisho na namba. Nikashuka hadi 30,000 kwa amri, lakini zote nikaziweka ndani ya muamala mmoja, zikubaliwe zote kwa pamoja au isikubaliwe hata moja. Hapo simu zikaanza kulia. Wahudumu wa matawi waliweza kusoma taarifa za wanachama, ila aliyetaka kusahihisha anwani alibaki kusubiri, kwa sababu rekodi iliyoguswa na muamala hufungwa mpaka muamala uishe. Nikausitisha.

Kilichonishangaza zaidi kilikuja baadaye: hakuna namba hata moja iliyobadilika, lakini jedwali lilikuwa limenenepa. Dada aliyenitangulia kazini akavuta kiti.

"Mdogo wangu, PostgreSQL haifuti na kuandika juu yake. Inaandika nakala mpya pembeni, na nakala isiyotumika tena inabaki mpaka usafishaji wake, vacuum, upite."

Nyumbani tukikosea kwenye daftari la duka tunakata mstari na kuandika chini yake. Ukurasa unajaa ingawa deni ni lilelile. Nikaelewa mara moja.

Siku ya tatu nilipanga safari za rekodi elfu moja moja, kwa mpangilio wa vitambulisho. Kila safari ilikuwa amri moja iliyobeba orodha ya thamani, muamala wake ukakamilishwa, nikapumzika nusu sekunde ili wengine wapite. Kitambulisho cha mwisho nilikiandika kando, umeme ukikatika nianzie hapo. Dada akaniongezea sharti moja: badilisha tu kama namba ya zamani bado ni ileile uliyoisoma.

Safari mia mbili zilimalizika kwa dakika zisizofika tano. Nilifurahi nikasimama! Lakini safari moja katikati ilirudisha jibu la rekodi 998, si 1,000. Nikazitafuta hizo mbili. Mhudumu wa tawi alikuwa ameshazisahihisha mwenyewe asubuhi ileile, wanachama wenyewe wakiwa wamesimama mbele yake na simu mpya mikononi. Bila lile sharti ningezifunika namba zao mpya kwa zile za zamani.