Mto Simiyu na Jina Lake

Mtoto wa Dutwa aandikapo mahali atokapo, hutaja Dutwa, kisha Bariadi, kisha Simiyu. Jina hili la tatu lafaa kuelezwa, kwani kabla ya kuwa jina la mkoa lilikuwa jina la mto.

Mto Simiyu waanzia upande wa mbuga za Serengeti, washuka kuelekea magharibi, na kumwagikia Ziwa Victoria karibu na Magu. Wakati wa mvua hufurika. Kiangazi hupungua hata watu wakafukua mchanga wapate maji.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa kwa mashua. Jina la mto huu aliliandika kama sikio lake lilivyolipokea: Shimeeyu. Akadhani kwamba ndio chimbuko la mwisho la Nile upande wa kusini. Baadaye ilibainika kuwa Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani, na sifa ile ikaondoka. Lakini jina halikuondoka. Ziwa lilikwisha kupewa na John Speke jina la malkia wake mwaka 1858. Na ghuba iupokeayo mto, Stanley akaipa jina la Speke. Mto ukabaki na jina la wenyewe, na mwaka 2012, ulipomegwa mkoa mpya kutoka Shinyanga, ukaitwa kwa jina hilo.

Enyi vijana, Qurani yatufahamisha katika Sura al-Baqara, aya ya 31, kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha Adamu majina ya vitu vyote. Jina, basi, ni mlango wa elimu. Na aliyejua jina la kitu asijue haki yake, elimu yake ni pungufu. Ibn Majah amepokea kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza israfu ya maji katika udhu, ijapokuwa mtu yu kando ya mto upitao. Itakuwaje kwa mto ukaukao? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo yazuia shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 za ukingo. Alimaye hata ukingoni huusukumia mto udongo, akajipunguzia maji yeye na jirani yake.

Maji ya Simiyu huingia ziwani, na ya ziwa hutokea Jinja yakaenda mpaka Misri, nchi ya Nabii Musa. Tusiwe watu wa kulihifadhi jina na kuupoteza mto. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.