Maji Maangavu Yanaweza Kukuhadaa

Je, msomaji, ukiwa na mtumbwi begani na maziwa zaidi ya 3,000 yakikungoja mbele yako, utaanza kuvua katika lipi?

Swali hilo lilinikabili nilipomtembelea shemeji yangu katika jimbo la New York, Marekani. Wengi wetu tukisikia New York tunafikiria maghorofa tu. Lakini ukitoka jijini humo kwa gari na kushika njia ya kaskazini kwa saa tano hivi, utaingia Adirondack, nchi ya milima na misitu ya ekari milioni 6, iliyowekewa mipaka ya hifadhi mwaka wa 1892.

Samaki tuliyemfuata anaitwa brook trout, jamaa wa trauti wa mito ya Nyandarua na Mlima Kenya. Tofauti ni kwamba wetu waliletwa na wakoloni, ilhali huyu ni mwenyeji wa huko tangu jadi.

Siku ya kwanza mimi ndiye niliyechagua ziwa, na nakusihi usifanye nilivyofanya. Nililiona kutoka barabarani, buluu tupu, mawe ya chini yakionekana kama yamo ndani ya glasi. Tulitia kayaki majini, tukapiga makafi kutwa nzima. Hatukupata hata wa kuonja.

"Shemeji," akaniambia jioni, "huku maji meupe si dalili ya samaki."

Naam, kuna kisa. Kwa miaka mingi moshi wa vituo vya umeme vya makaa ya mawe, katika majimbo ya magharibi, ulisukumwa na upepo hadi milima hii na kunyesha kama mvua ya asidi. Miamba ya hapa haina chokaa ya kutosha ya kuituliza. Asidi iliyeyusha alumini kutoka udongoni, ikaingia maziwani na kuharibu mashavu ya samaki. Mamia ya maziwa yalibaki bila samaki, na mengi yalizidi kung'aa! Sheria ya hewa safi ilipokazwa mwaka wa 1990, moshi ulipungua, na baadhi ya maziwa yakaanza kupona. Ajabu ni kwamba yanapopona maji huelekea kuwa na rangi ya chai.

Kwa hiyo, ukienda, anza na karatasi kabla ya kafi. Idara ya mazingira ya jimbo hutoa orodha ya maziwa yanayopandwa samaki, pamoja na ramani za vina. Tafuta ziwa lenye kina na chemchemi, kwani trauti huyu hapendi maji yanayopita nyuzi 20 za Selsiasi. Jina lake la kisayansi, Salvelinus fontinalis, lenyewe linataja chemchemi. Mwezi wa Mei, barafu ikishayeyuka, utamkuta karibu na ufuo. Julai amezama chini kwenye baridi. (Mei pia ni msimu wa usubi. Funika masikio.)

Sisi tulikwenda St. Regis, karibu na mji wa Saranac Lake, ambako injini zimepigwa marufuku. Unaanzia Little Clear Pond, lakini humo usitupe ndoana: ni hifadhi ya samaki wa mbegu. Unavuka, unabeba kayaki begani kilomita moja hivi, ndipo unapofika St. Regis Pond. Hapo utajua kwa nini nasema kayaki iwe nyepesi.

Usibebe visamaki hai vya chambo. Katika maziwa mengi ya trauti vimekatazwa, kwa kuwa wageni wakimwagwa humo hula chakula cha trauti hadi atoweke. Nunua leseni, na vaa jaketi la kuokolea. Kuanzia Novemba 1 hadi Mei 1 ni amri, lakini baridi ya maji hayo haisomi kalenda.

Jua lilipoinama mshipi wangu ulivutwa. Alikuwa na madoa mekundu yaliyozungushiwa buluu, na mapezi yenye ukingo mweupe kama yamechovywa kwenye chokaa. Shemeji alipata wa pili.

Dada yangu aliwatazama kwenye sinia, kila mmoja shubiri na kidogo.

"Hawa ndio mliowafuata siku mbili?" akauliza, akaenda kutafuta ndimu.