Kigongo cha Langoni Kwetu

Tumezoea kuwaonya watoto wetu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo naomba nikueleze, ndugu msomaji, jinsi mimi mkuu wa nyumba nilivyokataa kusikia la mdogo, na nusura familia yangu ipatwe na jambo zito kuliko guu kuvunjika.

Nyumba yetu iko Mwananyamala, Dar es Salaam, bondeni, ambako maji ya mvua huingia bila kupiga hodi. Zilipopita mvua kubwa za Desemba 2011, tulianika magodoro juani kwa siku kadhaa. Nikaapa kwamba maji ya barabarani hayataingia tena uani kwangu. Nilimwita fundi mwashi, tukakiinua kivuko cha zege kilicho juu ya mtaro hadi kikauzidi ua kwa sentimita 30. Kutoka ukingoni mwa kivuko, zege liliteremka uani kwa ghafla, katika urefu wa mita moja na nusu tu. Maji hayakuingia tena, nami nikakionea fahari kigongo changu.

Miaka ikapita. Mwanangu wa kwanza, anayekaa nasi pamoja na mkewe, akanunua gari lake la kwanza, Toyota Celica ya milango miwili, iliyokwisha kutumika Japani. Ni gari zuri machoni, lakini limeinama kama paka awindaye. Jioni ya kwanza alifika na mkewe na rafiki zake wawili. Walipovuka lango tulisikia mkwaruzo uliotutoa sote sebuleni.

"Baba, naomba tukitengeneze hiki kigongo," alisema.

Nilimjibu kwamba kigongo kilikuwapo kabla ya gari, na mwenye akili hununua gari linalolingana na njia yake.

Kijana akahangaika peke yake. Alitandika mbao mbili ili ziyainue magurudumu, moja ikapasuka. Alijaribu kupita mshazari, ili magurudumu yasifike ukingoni kwa pamoja. Hiyo ni njia njema penye nafasi, lakini nguzo za lango letu zimeachana kwa mita tatu tu. Mwishowe akawa anawashusha abiria barabarani na kuvuka peke yake, polepole. Mimi nilikuwa nikicheka.

Usiku mmoja wa manyunyu, mkwe wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Tuliingia garini haraka sote wanne, mimi na mke wangu tukajibana nyuma. Magurudumu ya mbele yalivuka ukingo, kisha tumbo la gari likakalia zege. Hatukwenda mbele wala nyuma. Ikabidi tushuke. Binti yule, mkono kiunoni, alijipenyeza kati ya gari na nguzo, akatembea juu ya kivuko chenye utelezi huku mke wangu amemshika. Gari lilipopungukiwa na uzito, springi zikaliinua kidogo, tukalisukuma likavuka. Njia nzima hakuna aliyenisemesha. Mjukuu wangu alizaliwa salama kabla ya alfajiri.

Kulipokucha nilichukua futi ya kupimia. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni sentimita 260. Nafasi chini ya tumbo ni sentimita 14 gari likiwa tupu, na 12 likiwa na watu wanne. Ukingo wa mteremko wangu, unapokuwa katikati ya magurudumu, huchomoza kwa karibu sentimita 13. Basi gari tupu lilipita, na gari lenye familia likakwama.

Fundi alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Kosa halikuwa kimo cha kivuko, bali ughafla wa mteremko wake. Hatukupunguza hata sentimita moja ya kinga ya maji, wala hatukuuziba mtaro. Tuliurefusha mteremko uani hadi mita tatu, tukauviringisha ukingo. Sasa ukingo huchomoza kwa sentimita sita na nusu tu. Kazi ilichukua siku mbili, na wiki moja ya kulimwagilia zege maji lishike vizuri.

Nawe, ndugu msomaji, ukitaka kujenga njia ya gari langoni pako, pima gari likiwa limepakia watu, kwani hivyo ndivyo litakavyotumika siku ya shida.

Siku mjukuu alipopelekwa kliniki tulipanda sote. Mwanangu alipunguza mwendo langoni kwa mazoea, tukanyamaza kusikiliza. Hapakuwa na mkwaruzo. Nilimwomba radhi mbele ya mama yake na mkewe. Hakuwa ameniomba niibomoe kinga yangu. Aliniomba njia tu, nami nilikuwa nayo uwanja mzima.