Nimenunua Mashine ya Jikoni, Ndugu Wanataka Nioe

Tangu ile mashine iingie nyumbani kwangu swali ni moja tu, na nimeulizwa na kila mtu mpaka bodaboda aliyenibebea boksi kutoka Kariakoo: "Sasa kaka, si ungeoa tu?" Nilimlipa nauli yake nikanyamaza. Leo nina nafasi, ngoja niseme.

Mashine yenyewe ni fudi prosesa. Kariakoo wengine wanaiita mashine ya kukatakata, wengine blenda kubwa (sio blenda, tutafika huko). Niliichukua kwa laki moja na themanini baada ya kubembelezana na muuzaji karibu nusu saa. Ina wati 800, bakuli la lita 2, kisu cha kusagia chenye umbo la S, na sahani mbili za chuma, moja ya kukwaruza na nyingine ya kukata vipande vyembamba. Mimi ni mwanaume, nina miaka 31, nakaa Tabata, sina mke. Najua inavyoonekana.

Nakaa na mama. Mama alikuwa anauza bagia za kunde kule Tanga, zaidi ya miaka ishirini, kila jioni kibarazani. Mtaa ule ukichelewa mpaka saa moja unakuta sinia tupu. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye lile karai. Mwaka juzi akapata kiharusi. Tulimuwahisha hospitali, akapona kwa kiasi kikubwa: anaongea, anatembea polepole, anagombana na mimi kama kawaida. Ila mkono wa kulia umebaki mzito. Unanyanyuka, lakini haushiki kitu. Kitunguu akikiweka kwenye kibao kinakimbia, maana hakuna mkono wa pili wa kukizuia. Kinu ndo usiseme.

Nikamleta Dar. Wiki ya pili ndugu wakaja kikao. Shangazi akaanza: "Baba, mama yako anahitaji mkamwana." Baba mdogo akasema kuna binti kijijini, mtulivu, anaweza kuja kama dada wa kazi, mshahara tutachanga. Mwingine akasema achanganye vyote, aoe huyo huyo binti, watu wakacheka. Nilikaa nikawasikiliza wote, na kitu kimoja kikaniingia kichwani. Kila wazo lililotoka pale lilikuwa ni mikono ya mwanamke fulani. Awe mke, awe mfanyakazi, awe dada yangu aache kazi Arusha arudi. Na mwenye mkono wake alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi, hakuna aliyemgeukia.

Usiku nikasikia kitu kinadondoka jikoni. Nikamkuta mama amekibana kitunguu kwa kiwiko, anajaribu kukikata kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia mama, si ungeniita? Akanijibu bila kunitazama: "Mimi sitaki wa kunipikia. Nataka kupika."

Mashine tulikutana nayo kwenye simu. Kuna mdada mmoja wa mjini, simtaji jina maana mashabiki wake hamkawii, alirusha video ya jikoni kwake kupya. Kabati jeupe, taa mpaka chini ya meza, na mstari mzima wa mashine ambazo nyingine bado zina nailoni yake ya dukani. Akatia karoti kwenye moja, ikatoka imekatwa sawasawa kama imepimwa kwa rula. Mama alikuwa anachungulia begani kwangu. Akasema, "Kucha zile hazijawahi kuosha kunde." Kimya kidogo, halafu: "Hiyo inakata yenyewe?"

Basi hapo ndo nikaanza kufuatilia.

Cha kwanza kuelewa ni tofauti yake na blenda, maana wengi mnauziwa kimoja mkidhani ni kingine. Jagi la blenda ni refu na jembamba, visu vyake vidogo vipo chini kabisa, na ili kitu kizunguke kinahitaji maji. Juisi, sawa. Pilipili ya rojo, sawa. Ila tia kunde zilizolowekwa bila maji, visu vinazunguka peke yake chini na kunde zimekaa juu zinatazama. Ukiongeza maji inasaga vizuri, lakini umepata uji, na bagia ya uji inatawanyika kwenye mafuta, ile inayobaki inakunywa mafuta mpaka unaona huruma. Prosesa ina bakuli pana na kisu kirefu kinachofagia karibu bakuli zima, kwa hiyo inasaga kitu kikavu. Kijiko kimoja au viwili vya maji vinatosha. Kwa muuza bagia hiyo tofauti ndo biashara yenyewe.

Nikasoma pia kwamba aliyeibuni ni mwanaume, Mfaransa anaitwa Pierre Verdun. Alikuwa anauza vifaa vya mahotelini, akaona muda unaoisha jikoni kwa kukatakata tu. Mashine yake ya kwanza ilikuwa ya mahoteli, miaka ya 1960, na ya nyumbani ikafuata mwaka 1971. Washkaji wanaoniambia mashine hizi ni za kike wakumbuke kwamba wapishi wa hoteli walizitumia kabla ya mama zetu. Ila hoteli hakuna anayeambiwa aoe.

Halafu umeme. Baba mdogo alisema itamaliza LUKU. Tufanye hesabu: uniti moja ni wati 1,000 kwa saa nzima. Mashine ya wati 800 ukiiendesha dakika 3 unatumia 0.04 ya uniti. Pasi ya wati 1,000, ukinyoosha mashati robo saa, unaweza kumaliza 0.25. Na hakuna siku mtu anaiendesha saa nzima, ungeunguza mota. Kitabu chake kinasema isizidi dakika moja mfululizo, uipumzishe, uendelee. Bakuli lisijae zaidi ya theluthi mbili. Ukisikia harufu ya waya wa moto, zima.

Ilipofika nyumbani kizingiti cha kwanza kilikuwa mfuniko. Hizi mashine haziwaki mpaka mfuniko uzungushwe ukae mahali pake, usikie "ka!" Ni usalama, usije ukaingiza vidole kisu kikiwa kinazunguka. Lakini kuzungusha mfuniko ni kazi ya mikono miwili: mmoja unashika chini, mwingine unazungusha juu. Mama akijaribu kwa mkono mmoja mashine yote inazunguka nayo juu ya meza. Nikataka kumsaidia, akanitoa jikoni. Nasema ukweli, alinitoa.

Nilirudi baada ya kama dakika ishirini nikasikia inanguruma. Alikuwa amelaza kitambaa kibichi chini ya mashine isiteleze, ameisukuma mpaka kwenye pembe ya ukuta, na ule mkono wa kulia, usioshika kitu, ameulaza juu yake kama jiwe. Uzito wa mkono unazuia, kushoto anazungusha. "Huu si mzito?" akaniambia. "Basi nao ukae kazini."

Nilitoka nje kidogo, nikajifanya naangalia mita ya maji.

Sasa anavyofanya bagia, maana najua kuna watu hapa wamekuja kwa hilo tu. Kunde zinalowekwa usiku kucha. Asubuhi zinatakiwa kutolewa maganda, na zamani alikuwa anazifikicha kwa mikono miwili kwenye beseni mpaka vidole vinakunjamana. Siku hizi anazitia kwenye prosesa pamoja na maji, anabonyeza na kuachia mara tatu au nne, sekunde mojamoja. Kisu kinazichubua kunde na kuzipasua, maganda yanalegea. Anazimimina kwenye beseni la maji, maganda yanaelea, anayaondoa kwa chujio. Hiyo hakuifundishwa na mtu, na sidhani kama yule mdada wa video anaijua. Kisha zinachujwa zikauke, zinarudi kwenye mashine na kitunguu saumu, pilipili na chumvi, zinasagwa mpaka ziwe laini ila zisilainike kabisa. Kitunguu maji kinakuja mwisho, kwa kubonyeza na kuachia. Ukiacha kitunguu kizunguke dakika nzima kinageuka maji machungu na umeharibu bakuli zima.

Kukaanga nakaanga mimi. Mafuta ya moto na mkono mmoja, hapana, hapo hata yeye alikubali. Anakaa kwenye kigoda nyuma yangu ananiamrisha: geuza, toa, hiyo bado, wewe unakaanga kama unakimbizwa. Na kuosha kisu naosha mimi. Kile kisu kikilala chini ya povu hukioni, na mkono wake wa kulia hausikii vizuri, anaweza kujikata asijue. Kwa hiyo sheria ya nyumba ni hii: akimaliza anachomoa waya ukutani, bakuli analiacha lilivyo, mimi ndo natoa kisu.

Kuna vitu mashine hii haiwezi, nisije nikaonekana nimelipwa. Nazi inaisumbua. Lazima uivunje, uchokoe nyama yake, uikate vipande, ndo uisage na maji ya uvuguvugu, na bado unabaki na kazi ya kukamua tui kwa kitambaa, ambayo inaniangukia mimi. Mama anasema tui lake lina chembe na mbuzi anakuna vizuri zaidi. Nakubaliana naye, ila mbuzi unataka mikono miwili. Viazi vya katlesi usithubutu. Viazi vilivyochemshwa ukivisaga na kile kisu vinatoa wanga wote vinakuwa gundi, unaweza kubandikia bahasha. Kachumbari ya mashine inatoka imelowa. Na kisamvu inakikatakata tu, haikitwangi, lazima ukichemshe vizuri na kwa muda mrefu kama kawaida, msidanganyane. Kelele nazo zipo. Jirani aliniuliza kama nimefungua karakana.

Turudi kwenye kuoa. Kuna dada tulikuwa tunaelekeana kipindi hicho, mtu mzuri, sina baya la kumsema. Siku moja alikuja, akamkuta mama anaendesha mashine na mimi nipo kwenye karai. Tulikula vizuri, akasifia. Wakati namsindikiza kituoni akaniuliza, nusu utani: "Sasa mimi ningekuja kufanya nini pale?" Nilicheka. Baadaye usiku lile swali likanikataza usingizi, maana lilikuwa la kweli kuliko yote niliyosikia kwenye kile kikao. Kama mke anatafutwa kwa sababu ya kitunguu, basi kitunguu kikikatika mke hana kazi. Nilimwambia siku iliyofuata kwamba ningependa aje kwa sababu anachekesha na anajua mpira kuliko mimi. Akasema atafikiria. Bado anafikiria, ni miezi minne sasa, na safari hii sipeleki presha.

Dada wa kazi pia simkatai mtu. Kuna nyumba zina watoto wadogo, zina wagonjwa wa kulala kitandani, mashine haitasaidia kitu. Ninachokataa ni ule haraka wa kutafuta mikono ya binti wa watu kabla hatujamuuliza mama anataka nini na mikono yake mwenyewe.

Shangazi alikuja tena mwezi uliopita, na shuka la kitenge la zawadi na lile swali lake. Mama akamwekea bagia na chatne ya nazi. Shangazi akala, akaongeza, akauliza nani kasaga. Mama akanyoosha kidevu kuelekea jikoni. Shangazi akainuka, akaizunguka ile mashine kama anakagua gari, akabonyeza kitufe, haikuwaka kwa sababu mfuniko haukukaa. Mama akamwambia kwa sauti kubwa kutoka sebuleni: "Lazima uifunge vizuri, wifi. Inataka akili." Jioni shangazi akanivuta pembeni kuniuliza bei. Bega lake linamsumbua, anasema, na hapendi baba mdogo ajue.

Mama kwa sasa anapokea oda ndogo ndogo, ofisi mbili za jirani na mama mmoja wa kikundi cha mtaani. Hela anakaa nazo mwenyewe kwenye kopo la maziwa na hataki niulize zimefika ngapi. Kesho kuna kisomo nyumba ya tatu, wametaka bagia 150. Kunde kilo 2 ziko kwenye beseni tangu magharibi, na nimeambiwa niamke saa kumi na moja, kisu kinanisubiri.