Safari ya Bweni na Tela Letu la Kwanza

Kisiwa cha Mafia kimo katika Bahari ya Hindi, mkabala na milango ya mto Rufiji, nacho kijiji cha Bweni kiko mwisho kabisa upande wa kaskazini. Ukishapita Bweni, mbele yako ni Ras Mkumbi na mnara wake wa taa uliojengwa enzi za Wajerumani, na baada ya hapo ni maji matupu. Ni nchi ya minazi, wavuvi na akina mama wasukaji wa mikeka.

Kutoka Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, hadi Bweni ni kama kilometa 50. Barabara ya kwenda Utende, kusini mashariki, ina lami, lakini njia tuliyopita sisi kwenda kaskazini ilikuwa ya udongo, yenye mchanga mwingi na mashimo.

Huko ndiko alikoolewa shangazi wa baba watoto, na huko ndiko tulikokusudia kupeleka watoto wetu wawili wakati wa likizo. Shangazi alituomba tumchukulie bati 20 na mifuko mitatu ya saruji kwa ajili ya jiko lake. Nasi kwa kuwa nyumba yake ni ndogo, tulitaka kwenda na hema letu, magodoro, jiko na vyombo. Vitu vilikuwa vingi kuliko gari. Basi tukamwendea fundi wa kuchomelea, akatutengenezea tela la magurudumu mawili, dogo, imara, lisilo na breki zake lenyewe.

Gari lipi livute?

Tulikuwa na njia mbili. Ndugu mmoja alitupa pikapu yake ndogo, ya bure kabisa, yenye uzito wa kilo 1,100. Jirani alikuwa na pikapu kubwa ya milango minne, kilo 1,900, ila hiyo ni ya kukodi, na kodi yenyewe ilikuwa karibu sawa na ada ya shule ya muhula mmoja. Mama msomaji, unajua jinsi nyumba inavyoongea pesa inapotajwa. Wapo waliosema pikapu ndogo ina injini nzuri, imekwisha kuvuta mizigo mingi, itavuta na hili.

Kuvuta, ndiyo, ingevuta. Lakini swali la mama mwenye watoto ndani ya gari ni jingine: je, itasimama? Tela lisilo na breki linasimamishwa na breki za gari peke yake. Dereva akikanyaga breki ghafla, mzigo wote wa nyuma unaendelea kusukuma mbele. Gari likiwa jepesi, tela ndilo litakaloamua njia, si dereva.

Mafundi wana kanuni mbili ambazo mtu yeyote aweza kuzishika kichwani. Ya kwanza, tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake. Ndicho kipimo kinachofuatwa hata katika nchi za Ulaya. Ya pili, lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Katika hizo mbili, unafuata ile inayotoa kilo chache zaidi. Kisha unafungua kitabu cha gari, maana mtengenezaji ameandika kiasi gari hilo linachoruhusiwa kuvuta, na neno lake ndilo la mwisho.

Tukapima

Tuliazima mizani ya gunia kwa mwenye duka la nafaka, tukapima kila kitu uani. Tela tupu lilikuwa kilo 280. Bati zilikuwa 110, saruji 150. Madumu manane ya maji ya lita 20 yalikuwa kilo 160, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Hema, magodoro, jiko, vyombo na chakula vilikuwa kilo 190. Jumla, kilo 890.

Hesabu ikasema yenyewe. Nusu ya pikapu ndogo ni kilo 550. Nusu ya pikapu kubwa ni 950, lakini kikomo ni 750. Kwa hiyo mzigo ulikuwa mwingi hata kwa gari kubwa. Pikapu ndogo tukairudishia shukrani. Kisha tukatoa saruji, tukakubaliana inunuliwe Kilindoni na ipelekwe na lori la mizigo. Madumu sita tukayabeba matupu. Zikabaki kilo 620. Baba akaenda kukodi pikapu kubwa, na mwezi huo kitambaa cha mapazia hakikununuliwa.

Kupanga mzigo nako kuna elimu yake. Vitu vizito huwekwa chini, juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Shingo ya tela inapaswa kulalia gari kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela. Kwetu ilikuwa kama kilo 60, tukaipima kwa mizani ile ile. Mzigo ukizidi nyuma, shingo hunyanyuka na tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ukizidi mbele, hukandamiza nyuma ya gari, na magurudumu ya mbele hupoteza kushika njia. Kumbuka pia kwamba uzito huo wa shingo unahesabiwa kuwa mzigo wa gari, pamoja na watu na mabegi.

Mwisho tukakagua mambo manne: upepo wa matairi yote pamoja na la akiba, taa za nyuma na indiketa za tela, pini ya kufungia shingo, na minyororo miwili ya usalama. Minyororo hiyo hupishanishwa chini ya shingo, ili shingo ikichomoka idakwe isichimbe barabara.

Njiani

Tulitoka Dar es Salaam alfajiri kwa barabara ya kusini, kisha tukaiacha lami kuelekea Nyamisati, mahali pa kupandia kivuko cha MV Kilindoni. Kwenye lami hatukuzidi kilometa 80 kwa saa, na nafasi kati yetu na gari la mbele ilikuwa mara mbili ya ile tuliyozoea. Baba alimweleza mtoto mkubwa jambo ambalo sote tunapaswa kulijua: tela likianza kuyumba, usifunge breki kwa nguvu wala usiongeze mwendo. Shika usukani sawa, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue lenyewe.

Kuingia kivukoni ndiko kulikotutoa jasho. Mteremko wa pale hukunja pembe kati ya gari na tela, na kurudi nyuma na tela hutaka kuzungusha usukani kinyume na unakotaka mkia uende. Watoto walishushwa kwanza, wakapita kwa miguu wameshikwa mikono. Kisha gari likaingia polepole, mmoja wetu akiwa nje akiongoza kwa ishara. Baada ya hapo tukapata utulivu wa kutazama mikoko ya delta ya Rufiji ikipita pande zote mbili.

Kutoka Kilindoni tukapita Kirongwe, halafu Kanga, chini ya minazi isiyokwisha. Mwenda pole hajikwai. Kwenye mchanga tulikwenda kwa gia ndogo. Kila tulipopumzika, mtu alizunguka kugusa magurudumu ya tela kama yamechemka na kutazama kamba kama zimelegea.

Karibu na Kanga bibi mmoja mwenye mzigo wa ukindu alitusimamisha. Tulimwamkia, akatuambia anakwenda Bweni, akaelekea moja kwa moja kwenye tela ili apande juu ya magodoro.

"Hapana, bibi, hapo hapakaliwi," tukamwambia. "Njoo ndani na wajukuu zako."

"Mbona watu wote hukaa huko, wanangu?"

"Tela likipinduka, bibi, aliye juu yake hana pa kushika."

Watoto wakasogea, bibi akaketi nao, ukindu ukafungwa juu ya mzigo. Kumbe ni jirani wa shangazi. Jioni ile alituletea nazi tatu, na kesho yake akawakalisha binti zetu ukumbini kuwafundisha kuanza ukili wa mkeka.

Tulikaa Bweni siku kumi. Bati zilifika bila mkwaruzo, saruji ilikuja siku ya tatu na lori, na shangazi anapikia chini ya paa jipya.

Mama mpendwa, mazungumzo ya magari na matela mara nyingi huachiwa akina baba, nasi tukaondoka kwenda kutazama chungu. Safari hii isiwe hivyo. Anayejua kupima unga wa familia nzima kwa wiki aweza kupima mzigo wa tela. Uliza gari lina uzito gani, tela lina breki au halina, mzigo ni kilo ngapi, na shingo inalalia gari kwa kilo ngapi. Majibu yakikosekana, safari ingoje hadi yapatikane. Kodi ya gari kubwa tuliilipa, na mapazia yetu ya zamani yangali dirishani.